Kiti Kilichozaliwa na Sanduku la Chai

Kiti chenyewe nilikikuta Mbale, kimeegemezwa ukutani kwenye karakana moja kandokando ya barabara iendayo Kumi, kikisubiri zamu yake nyuma ya kitanda cha mtoto na milango miwili. Miguu yake minne ni ya bomba la chuma, na rangi nyeusi imebanduka hapa na pale. Juu ya miguu hiyo kuna ubao mmoja mwembamba uliopindwa: mbele unainama kidogo chini ya mapaja, katikati unabonyea, kisha unakunja na kupanda mgongoni bila kuungwa popote. Kona moja ya mgongo ilikuwa imefumuka, matabaka yameachana kama manda za sambusa zilizosahauliwa juani. Niliyahesabu kwa ukucha. Yalikuwa saba.

"Mulembe, mzee," nilimwamkia fundi.

"Mulembe. Kaa tu, usiogope. Kinaumwa mgongo, lakini pa kukalia ni pazima."

Nikakaa. Ilikuwa saa nane mchana, bati la karakana linatoa mlio kwa joto, na bado ule ubao ulikuwa wa baridi kidogo. Nilipoegemea, mgongo wa kiti ulinesa, ukarudi nyuma kama upana wa kidole, ukatulia. Ukingo wa mbele haukunikata damu mapajani. Hakuna mto wala sponji, kwa hiyo hakuna kitu cha kushika jasho. Nilikaa pale robo saa nikisimuliwa bei ya mbao, na sikujigeuza hata mara moja. Mtu yeyote aliyewahi kuhudhuria mkutano wa wazazi shuleni anajua kwamba robo saa bila kujigeuza si jambo dogo.

Chini ya kiti hapakuwa na jina la kampuni. Palikuwa na matundu manne ya skrubu na namba iliyofutika nusu, ya aina ile inayopigwa kwa brashi kwenye mali ya ofisi. Lakini ukoo wake unajulikana, na historia yake inapita Jinja, kilomita zipatazo mia na arobaini kutoka pale nilipokaa.

Uganda ni nchi ambayo mji wake mkuu wa kikoloni uliitwa kiti. Kwa Kiganda kiti ni entebe, na Entebbe imepata jina lake kutoka "entebe za Mugula", viti vya Mugula, mkuu wa ukoo wa Mamba aliyekuwa akikaa kwenye mawe kando ya ziwa na kuamua kesi. Sisi wa Kiswahili hatuko mbali na hapo: anayeongoza kikao tunamwita mwenyekiti, kana kwamba wengine wote wamesimama. Na kweli kwa muda mrefu wengine walikuwa wamesimama, au wamekaa mkekani. Kigoda cha mzee kilichongwa kutoka gogo moja, kikawa chake na ukoo wake. Faraja ya mgongo haikuwamo katika mahesabu. Kigoda kilionyesha nani ni nani.

Serikali ya kikoloni ilileta fikra ileile kwa umbo lingine. Samani za ofisi zake zilikuwa za mvule na mahogani, nzito, mgongo wima. Mvule ni mti wa Busoga hasa. Ulisimama peke yake mashambani, mkubwa kuliko nyumba, na mbao zake mchwa hawazigusi kirahisi. Kiti cha mvule unaweza kumrithisha mjukuu. Kukikalia kwa saa tatu ni adhabu. Nashuku kilitengenezwa hivyo makusudi, ili mwenye shida aliyekuja kumwona Bwana DC aseme haraka na kuondoka.

Huko Ulaya watu walikuwa wakipinda mbao kwa sababu nyingine kabisa. Plaiwudi yenyewe ni jambo rahisi kueleza. Mbao ya kawaida ina nguvu upande mmoja tu, ule unaofuata nyuzi zake. Upande wa pili inapasuka. Ukiichana ikawa karatasi nyembamba, ukazipanga karatasi hizo nyuzi zikipishana, moja wima na moja mlalo, ukazibandika kwa gundi na kuzigandamiza, unapata ubao usio na upande dhaifu. Idadi ya matabaka huwa witiri, tatu, tano au saba, ili pande mbili za nje zivutane sawa na ubao usijikunje. Na kabla gundi haijakauka, ubao huo unakubali kupindwa.

Kampuni ya Luther ya Tallinn, Estonia, ilikuwa ikitengeneza makalio ya viti ya plaiwudi tangu mwishoni mwa karne ya 19. Lakini biashara iliyoipeleka plaiwudi yake duniani ilikuwa ya masanduku. Wakala wake London alijiita Venesta, na jina hilo limeunganishwa kutokana na neno la Kiingereza la ubao mwembamba na jina la Estonia. Masanduku ya Venesta yalibeba chai ya Ceylon na India, kwa kuwa ni mepesi, hayapasuki na hayachafui harufu ya majani. Shackleton alipokwenda nchi ya barafu ya kusini mwaka 1907 vyakula vyake vilikuwa ndani ya masanduku hayo, na wenzake walikata mbao zake kutengeneza majalada ya kitabu walichokipiga chapa kulekule. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Isokon ya London iliagiza plaiwudi kutoka kiwanda hichohicho cha Tallinn kwa ajili ya viti vyake, kikiwamo kile kirefu cha kujilaza alichokibuni Marcel Breuer mwaka 1936. Kwa hiyo baba wa kiti cha plaiwudi na sanduku la chai ni mmoja, na sanduku ndilo kifungua mimba.

Waliofuata ni wengi na nitawapita haraka. Alvar Aalto wa Ufini alibuni kiti kwa ajili ya wagonjwa wa kifua kikuu katika hospitali ya Paimio, iliyokamilika karibu na mwaka 1933. Mwinamo wa mgongo wake ulipimwa ili mgonjwa avute pumzi vizuri, na mbao ilichaguliwa kwa sababu chuma ni baridi mwilini. Gerald Summers wa London, mwaka 1934, alichukua ubao mmoja wa plaiwudi, akaukata na kuupinda ukawa kiti cha mikono kisicho na skrubu wala kiungo hata kimoja. Hicho kilikusudiwa nchi za joto, ambako viungo hulegea kwa unyevu na vitambaa huoza. Basi yuko Mwingereza aliyefikiria makalio yetu mapema hivyo. Duka lake lilifungwa mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza, na kiti chake kikaishia kwenye majumba ya makumbusho badala ya baraza za tropiki.

Aliyeng'ang'ana hasa na ule mpindo wa pande mbili, mpindo wa bakuli, ni Charles Eames na mkewe Ray, huko Los Angeles. Ubao ni rahisi kuupinda upande mmoja kama bati la paa. Ukitaka uingie ndani kila upande kama kiganja, unachanika. Walitengeneza mashine ndani ya nyumba yao ya kupanga: kalibu ya plasta, nyaya za umeme za kupasha moto, na mfuko wa mpira waliokuwa wakiujaza upepo kwa pampu ya baiskeli ili ugandamize matabaka kwenye kalibu. Mwaka 1942 Jeshi la Wanamaji la Marekani likawapa kazi ya kutengeneza magango ya plaiwudi ya kufungia miguu iliyovunjika. Hadi vita vinakwisha yalikuwa yametoka yapatayo 150,000. Kutoka kwenye mguu wa askari wakajifunza mwili unavyopinda. Mwaka 1946 viti vyao vilikuwa sokoni, kalio na mgongo vikiwa vipande viwili tofauti, kwa sababu kipande kimoja kilikuwa kimewashinda. Aliyefanikiwa kukiuza kipande kimoja kwa wingi ni Arne Jacobsen wa Denmark, mwaka 1952, kisha tena 1955: gamba moja la plaiwudi, limebanwa kiunoni ili lisichanike, juu ya miguu ya bomba la chuma. Kiti cha Mbale ni mjukuu wa huyo.

Sasa turudi Jinja, kando ya mto Nile. Tarehe 29 Aprili 1954, Malkia Elizabeth wa Pili alifungua bwawa la Owen Falls hapo Jinja, maporomoko ya Ripon yakazama, na mji uliokuwa wa pamba na reli ukawa mji wa umeme. Mitambo kumi, megawati 15 kila mmoja, ya mwisho ikifungwa mwaka 1968. Wakuu walitaka umeme huo upate mteja, na wateja wakaja: kiwanda cha nguo cha Nytil, tanuri la kuyeyusha shaba ya Kilembe mwaka 1956, chuma, na miongoni mwao plaiwudi.

Kwa plaiwudi Jinja ilikuwa na kila kitu. Misitu: Mabira iko nyuma tu ya mto kwa njia ya Kampala, na kule Bunyoro kuna Budongo na mahogani yake. Reli: daraja la juu ya Nile lilikuwa limekamilika mwaka 1931. Na mafundi. Reli ya Mombasa ilipojengwa ilileta maseremala na wahunzi wa Kalasinga kutoka Punjab, na "fundi Kalasinga" likawa jina la sifa Afrika Mashariki nzima. Ukisikia mashine imemshinda kila mtu, jibu lilikuwa ni kumwita yeye. Mmoja wa watu wa jamii hiyo, Indra Singh Gill, alijenga kampuni yake Jinja akaiita Sikh Saw Mills and Ginners, na jina lenyewe linakupa historia ya mji: kuchana mbao na kuchambua pamba. Kampuni hiyo ndiyo iliyoingia kwenye plaiwudi, na ilikuwa na ndugu yake Tanga, upande wa Tanganyika.

Anayetaka kuelewa kazi ya kiwanda hicho amtazame muuza machungwa kituo cha basi. Anashika chungwa, anazungusha, kisu kimetulia, na ganda linatoka utepe mmoja bila kukatika. Gogo la mahogani hufanyiwa vivyo hivyo. Kwanza linalainishwa kwa maji au mvuke, kisha linabanwa ncha mbili na kuzungushwa dhidi ya kisu kirefu kama gogo lenyewe, na ubao mwembamba unatoka kama shuka, hadi kinabaki kiini tu. Shuka inakatwa, inakaushwa, inapakwa gundi, inapangwa, inaingia kwenye shinikizo la moto. Kisu, kikausho na shinikizo vyote vinakula umeme. Ndiyo maana kiwanda kilikaa Jinja, jirani na bwawa.

Gundi nayo ilikuwa imebadilika, na bila badiliko hilo hakuna kiti cha plaiwudi kingeishi karibu na Ziwa Viktoria. Gundi za zamani zilitokana na maziwa, damu na mifupa ya wanyama. Unyevu unazilainisha na kuvu wanazila. Waingereza walijifunza hilo kwa uchungu wakati wa vita, pale baadhi ya ndege zao za Mosquito, zilizojengwa kwa plaiwudi, zilipoanza kuachia huko India na Mashariki ya Mbali. Gundi za kiwandani za fomaldehaidi, ambazo zikishagandishwa kwa joto hazirudi kuwa uji, ndizo zilizoifanya plaiwudi kuwa mbao ya tropiki.

Basi miti ipo, umeme upo, gundi ipo, mafundi wapo. Kwa nini Jinja haikuwa mji wa viti vya kupindwa? Jibu ni kalibu. Plaiwudi bapa inahitaji shinikizo bapa, na ubao uleule unauzwa kwa mwenye sanduku, mwenye mlango na mwenye dari. Gamba la kiti linahitaji kalibu mbili za chuma zinazoingiliana, dume na jike, zilizochongwa kwa umbo moja tu; gharama yake hairudi mpaka utoe maelfu ya viti vinavyofanana. Sensa ya mwaka 1959 ilihesabu Uganda nzima watu milioni 6.5, na wengi wao walikuwa na kigoda au mkeka uliowatosha. Chai ya Afrika Mashariki, kwa upande mwingine, ilikuwa inapanuka kila mwaka, na kila shehena ilihitaji masanduku. Kifungua mimba akamla mdogo wake. Simlaumu mfanyabiashara, mimi pia ningetengeneza masanduku.

Viti vyenyewe vilipata mahali pake katika majengo mapya ya miaka ya 1950 na 1960: kumbi, maktaba, ofisi za vyama vya ushirika. Mbale ilikuwa mahali pazuri pa kuvipokea. Mji uliochipuka kwenye makazi ya kiongozi Semei Kakungulu mwanzoni mwa karne ya 20 sasa ulikuwa na kahawa ya mlima na fedha zake. Bugisu Cooperative Union iliundwa mwaka 1954, mwaka uleule wa bwawa. Barabara zilifagiliwa, miti ikapandwa, na wazee wa pale hadi leo watakuambia kwa kiburi kwamba ndio uliokuwa mji safi kuliko yote Afrika Mashariki. Kiti chepesi, kinachopangwa juu ya mwenzake na kufutwa kwa kitambaa, kilifaa mji wa namna hiyo. Zaidi ya hayo kilikuwa kiti cha usawa. Katika ukumbi wa ushirika, mwenye magunia mia na mwenye gunia moja walikaa juu ya ubao unaofanana.

Na maseremala hawakungoja kalibu. Fundi wangu alijifunzia kazi kwa bwana aliyekuwa akichukua plaiwudi nyembamba ya matabaka matatu, akiilowesha usiku kucha, na kuipigilia misumari juu ya fremu ya mvule iliyochongwa kwa mviringo. "Tulipinda upande mmoja tu," aliniambia, akinionyesha kwa kiganja. "Huu wa pande mbili ni wa mashine. Lakini mtu akikaa hajui hesabu. Anajua tu kwamba mgongo hauumi."

Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alikuwa Tororo, mwendo mfupi kusini mwa Mbale, akawatangazia askari kambini kwamba Waasia watatoka Uganda. Walipewa siku 90. Jinja iliumia kuliko miji mingi, kwa kuwa maduka, viwanda na karakana zake nyingi zilikuwa mikononi mwao. Watu waliondoka na masanduku ya nguo. Samani zikabaki, zikaorodheshwa, zikagawiwa, zikaibwa. Viwanda vilibaki na mashine bila vipuri na bila watu waliozijua. Kiti cha aina ile kikivunjika, hakukuwa na kingine cha kukibadilisha.

Mwaka huohuo wa 1972, huko Ufaransa, Henry Massonnet alitoa kiti cha mikono cha plastiki kilichomiminwa kipande kimoja ndani ya muda usiozidi dakika mbili. Hakuna uhusiano wowote kati ya Tororo na kiwanda chake. Lakini kiti hicho, na wote walioiga umbo lake, ndicho kilichokuja kujaza nafasi. Sanduku la chai nalo likafa: kuanzia miaka ya 1980 wanunuzi walihamia mifuko ya karatasi ya matabaka mengi, na plaiwudi ikapoteza mteja wake wa kwanza. Leo Jinja bado inatoa plaiwudi. Jina la Nile Plywoods linajulikana kwa kila muuza vifaa vya ujenzi. Ubao ni bapa kama zamani, na unakwenda kwenye milango, makabati na mbao za kumwagia zege.

Siwezi kukidharau kiti cha plastiki. Kinaoshwa kwa ndoo moja. Mvua ikinyesha matangani hakidhuriki, na plaiwudi ikilowa mara tatu imekwisha. Agosti ya mwaka wa shufwa, Wagisu wanapotahiri na ngoma zinapiga uwanjani, hakuna mtu mwenye akili atakayetoa viti vya ukumbini akaviweka kwenye tope. Lakini kama kiti cha kukalia, yaani kwa kazi yake hasa, kimeshindwa. Kinashika jasho, mikono yake inakuweka mkao mmoja, na siku miguu yake ya nyuma inapochoka haikupi taarifa. Kile cha plaiwudi kina umri wa kutosha kuwa na wajukuu na ugonjwa wake ni kona moja.

Ugonjwa huo niliuona ukitibiwa. Fundi alifungua matabaka yaliyoachana kwa kisu chembamba, akapuliza vumbi, akachovya bomba la sindano la hospitali kwenye gundi nyeupe na kuisukuma ndani hadi ikatokeza upande wa pili. Akachukua vipande viwili vya mbao alivyovichonga kufuata mpindo, kimoja mbele kimoja nyuma, akavifunga kwa utepe uliokatwa kutoka mpira wa ndani wa baiskeli, akivuta kwa nguvu na kuzungusha mara nyingi, kila mzunguko ukikaza uliotangulia. Nilimwambia kwamba kule Marekani waliong'ang'ana na mpindo huu nao walitumia vifaa vya baiskeli. Akacheka. "Sasa wangetumia nini?"

Kesho yake asubuhi alifungua mpira, akapiga msasa, akapaka vanishi mkono mmoja. Mahali palipofumuka pamebaki mstari mwembamba, unauona tu ukiinamisha kiti kwenye mwanga. Kazi hiyo haikufika nusu ya bei ya kiti kipya cha plastiki.

Kwa hiyo kama wewe ni mwalimu mkuu, katibu wa ushirika au mwangalizi wa ukumbi wa kanisa au msikiti, kuanzia Jinja hadi Mbale, na una viti hivi vimerundikwa stoo vikingoja kupelekwa jikoni kuwa kuni, kwanza hesabu matabaka. Kama yamefumuka lakini hayajaoza, usivichome. Mtafute fundi mwenye bomba la sindano na mpira wa baiskeli.